Hadithi Kumi na Moja Kati ya Kumi na Tisa: Mwongozo wa Kupanga Diwani Inayosomeka Hadi Mwisho

Mswada wangu wa kwanza wa hadithi fupi ulikuwa na hadithi kumi na tisa, jasho la miaka minane. Niliuprinti kwenye steshenari iliyo jirani na stendi, wakaubaindi kwa waya, nikampelekea mama mdogo. Mama mdogo husoma chochote chenye herufi, hata kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua. Wiki tatu baadaye nikapita kwake.

"Shikamoo, mama mdogo. Umefika wapi na kile kitabu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimesoma nne. Nzuri."

"Nne tu?"

"Sasa kila moja si inaisha? Nikimaliza, naweka. Nikitaka kuendelea, naendelea na nini?"

Nilirudi nyumbani nimenuna. Ilinichukua muda kukubali kwamba mama mdogo alikuwa ameuliza swali gumu kuliko yote kuhusu kitabu cha aina hii. Riwaya humshika msomaji kwa deni: bado hajajua nani kaua, nani kaolewa, mzee atarudi au hatarudi. Hadithi ya gazetini inayoishia kwa "itaendelea" hufanya vivyo hivyo wiki hadi wiki. Diwani ya hadithi fupi haina deni la namna hiyo. Kila baada ya kurasa kumi humlipa msomaji chake chote na kumfungulia mlango aende zake. Mwaka 1842 Mmarekani Edgar Allan Poe aliandika kwamba hadithi fupi inapaswa kusomwa kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, ili athari yake isikatike. Alikuwa akiisifia hadithi moja moja. Sisi tunaozikusanya kumi na mbili ndani ya jalada moja tunabaki na upande wa pili wa maneno hayo: kikao kikiisha, mgeni huinuka.

Nijuavyo mimi, kinachomrudisha ni vitu viwili. Imani kwamba hadithi ijayo haitamwangusha, na udadisi kwamba haitakuwa ileile aliyokwisha kuisoma. Hadithi dhaifu huua imani. Hadithi zinazofanana huua udadisi. Karibu kila hatua hapa chini inalinda kimojawapo.

Naandika kwa mtu ambaye tayari ana hadithi kumi au zaidi, ziwe kwenye kompyuta au kwenye madaftari, na anataka ziwe kitabu. Kama unazo nne, kaandike kwanza, mwongozo utakusubiri. Mwalimu anayekusanya kazi za wanafunzi au mhariri wa waandishi wengi naye atapata cha kuchukua, ingawa yeye ana shida ya ziada ya kuwaambia watu "hapana".

Hatua ya 1: Zisome zote ndani ya siku mbili, na daftari mkononi

Ziprinti. Usizisome kwenye simu, kwa sababu kwenye simu utasoma kwa kuruka, na kuruka ndiko kulikokufanya usione matatizo kwa miaka yote hiyo. Chora jedwali lenye safu hizi: sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, nani anasimulia, ni wapi, hadithi inachukua muda gani (usiku mmoja, mwaka, maisha mazima), maneno mangapi, majina ya wahusika, na mwisho wake ni wa aina gani. Jaza mstari mmoja kwa kila hadithi. Usirekebishe chochote bado, hata koma.

Jedwali langu lilinitia aibu. Kati ya hadithi kumi na tisa, saba zilianza na hali ya hewa: jua linachomoza, mvua inanyesha, upepo wa kusi unavuma. Tano ziliisha kwa kifo. Kulikuwa na akina Neema watatu, wasiojuana, na wawili kati yao walikuwa wameachwa na wachumba. Sita zilifungwa kwa methali. Bodaboda ziliua watu watatu katika hadithi tatu tofauti, kila mara pale ambapo sikujua niendelee vipi.

Hadithi hizo zilipotoka moja moja, hii kwenye jarida, ile kwenye shindano, hakuna aliyeweza kuliona hilo, hata mimi. Ndani ya jalada moja tabia zako zinapanga foleni na msomaji anazihesabu. Na msomaji hahitaji jedwali. Akikutana na jua la tatu linalochomoza ataona tu kwamba amechoka, bila kujua kwa nini.

Lakini si kila kinachojirudia ni kosa. Katika zangu, cherehani ilijitokeza mara nne bila mimi kukusudia. Kwenye moja ilikuwa kazi ya mtu, kwenye nyingine mahari, kwenye ya tatu ilikuwa imefunikwa kitambaa sebuleni na hakuna aliyethubutu kuigusa, kwenye ya nne iliuzwa kulipa ada. Hiyo niliiacha. Kipimo ninachotumia: kitu kinachorudi kikifanya kazi mpya kila mara, kinakijenga kitabu. Kikirudi kufanya kazi ileile, ni uvivu wangu. Ajali zangu za bodaboda zilikuwa za kundi la pili, zote.

Hatua ya 2: Punguza, na uanze na zile unazozipenda

Weka mafungu matatu. La kwanza ni la hadithi zinazosimama zenyewe. La pili ni la zinazochechemea lakini unajua mguu gani unauma. La tatu ndilo la hatari: hadithi unazozipenda kwa sababu zako. Ile iliyokupatia zawadi shuleni. Ile inayomhusu marehemu babu. Ile uliyoiandika usiku mmoja, ukaamini jambo lililokuja kwa urahisi hivyo haliwezi kuwa baya.

Kwa kila hadithi ya fungu hilo jiulize: mtu akikifungua kitabu dukani akaangukia hii peke yake, niko radhi anihukumu kwayo? Swali hili si la kinadharia. Wasomaji wengi wa hadithi fupi hawaanzii mwanzo. Huangalia yaliyomo, wakachagua jina linalowavutia, au wakatafuta ile fupi kuliko zote wapime kina cha maji. Mimi mwenyewe hufanya hivyo. Kwa hiyo ule ujanja wa kuificha hadithi dhaifu katikati haufanyi kazi. Katikati ndipo kitabu kinapofunguka chenyewe ukikishika.

Ukikuta hadithi mbili zinakula chakula kimoja, kwa mfano mbili za kijana anayerudi kijijini na kukuta nyumba imeuzwa, chagua moja. Usiseme "lakini hii ina maelezo mazuri ya mto." Hamisha mto.

Idadi nayo isikusumbue mno. Mimi huona tisa hadi kumi na nne zinatosha mwandishi mmoja. Chini ya hapo msomaji anahisi ameonjeshwa tu. Juu ya hapo majina huanza kumchanganya. Ukichapisha kwa gharama yako, waulize wachapaji mapema kuhusu kurasa: vitabu vingi huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa kuwa kurasa 16, hivyo kitabu cha kurasa 160 au 176 huingia vizuri, na cha 163 kinakuachia kurasa tupu au kinakulazimisha kukata.

Zangu zilibaki kumi na mbili. Ile ya babu ilitoka. Iko kwenye droo, na nadhani babu angekubali.

Hatua ya 3: Tafuta kinachoziunganisha, usikishone kwa nguvu

Diwani nyingine huunganishwa na mahali. M. G. Vassanji alifanya hivyo mwaka 1991 kwa hadithi za mtaa mmoja wa Dar es Salaam, Uhuru, ule uliokuwa ukiitwa Kichwele, na jina la mtaa likawa jina la kitabu. Nyingine huunganishwa na umri. Mwandishi wa Ireland, James Joyce, alipanga hadithi 15 za watu wa Dublin kwa kufuata maisha ya binadamu: kwanza za watoto, kisha vijana, kisha watu wazima, kisha za mambo ya umma. Unaweza kuwa na kazi moja, tukio moja linaloonwa na watu tofauti, au swali moja tu linalokunyima usingizi: nani anamtunza mgonjwa, pesa ya mtu aliye ughaibuni inanunua nini, mwanamke akirithi nini kinatokea.

Angalia jedwali lako. Kiunganishi huwa tayari kipo, kwa sababu ni wewe yuleyule uliyeandika zote. Kazi yako ni kukitambua na kutoa kile kisichohusiana nacho hata kwa undugu wa mbali.

Kosa nililolifanya mimi lilikuwa kukilazimisha. Niliamua wahusika wangu wote wawe abiria wa basi moja kutoka Tanga kwenda Dar, kila mmoja asimulie kisa chake njiani. Niliandika kurasa ishirini za kondakta akiwaomba watu wasimulie. Nilidhani ninafuata njia ya Alfu Lela Ulela, nikasahau kitu kimoja: Shahrazad, anayemsimulia mfalme usiku baada ya usiku, akinyamaza anakatwa kichwa. Abiria wangu wakinyamaza, wanafika Dar. Kama hadithi ya nje haina hatari yake yenyewe, iache. Jalada linatosha kuwa basi.

Hatua ya 4: Tandaza kadi kwenye mkeka

Hapa ndipo kitabu kinapotengenezwa, na hapa ndipo waandishi wengi hutumia dakika tano. Wanapanga kwa tarehe ya kuandikwa, au kwa alfabeti, au wanaweka zile tatu nzuri mbele ili mhariri azione. Chukua siku tatu.

Kata kadi, moja kwa kila hadithi. Maboksi ya sabuni yanafaa. Andika jina, idadi ya maneno, nani anasimulia, wapi, toni (chungu, ya kuchekesha, ya kutisha, tulivu) na aina ya mwisho. Mimi huigawa miisho mara tatu: mlango uliofungwa, ambapo jambo limekwisha, mlango uliorudishiwa, ambapo msomaji anaachiwa amalizie, na pigo la ghafla, ambapo sentensi za mwisho zinageuza kila kitu. Tandaza kadi sakafuni na usimame juu yake. Kwenye kompyuta hutaona kitu.

*Ya kwanza.* Si lazima iwe bora kuliko zote. Inatakiwa kumfundisha msomaji namna ya kukisoma kitabu hiki. Tunaijua kazi hiyo tangu utotoni. Bibi hakuanza na sungura, alianza na "Hadithi, hadithi!" akasubiri tujibu, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Asipojibiwa, haanzi. Taarabu ya Unguja nayo hufunguliwa kwa bashrafu, ala tupu kabla ya mwimbaji yeyote kusimama, na sikio linapata muda wa kuzoea. Hadithi ya kwanza iwe na wahusika wachache, iwe ya urefu wa wastani, lugha yake iwe ile utakayoitumia sana humu ndani. Kama kitabu chako kina ucheshi, ucheshi usikike mapema. Ukianza na msiba mzito kisha hadithi ya tatu ikawa kichekesho, msomaji hatajua kama anaruhusiwa kucheka.

*Ya pili.* Hii naipa uzito kuliko ya kwanza, na sijui wengi wanaokubaliana nami. Ya kwanza humwambia msomaji wewe ni nani. Ya pili humwambia kama unajua kufanya kitu kingine. Hapo ndipo mama mdogo anapoamua kama kuna cha kuendelea nacho. Kwa hiyo usiweke pacha wa ya kwanza, hata kama ni nzuri mno. Lakini pia usiruke mbali kiasi kwamba inaonekana kama kitabu cha mtu mwingine.

Kanuni yangu kwa hadithi zinazokaa jirani: kati ya msimulizi, mahali, urefu, toni na mwisho, badilisha angalau viwili, acha angalau kimoja. Mfano kutoka kwenye mkeka wangu. Ya kwanza ilikuwa ya fundi cherehani wa Kariakoo aliyeletewa gauni la harusi alipunguze, na kila wiki linarudi lipunguzwe tena, bibi harusi mwenyewe haonekani. Inasimuliwa na fundi, ni ya huzuni ya chinichini, mlango wake umerudishiwa. Mwanzoni niliifuatisha na ya mjane wa Magomeni, nayo ya huzuni ya chinichini, nayo imerudishiwa mlango. Kila moja ilikuwa nzuri. Pamoja zilikuwa kama kunywa uji juu ya uji. Nikaitoa ya mjane, nikaweka ya kijana wa bodaboda anayekesha nje ya hospitali akibishana na mlinzi kuhusu nani alizaliwa kwanza. Mji uleule, sasa usiku, inachekesha, na mlango unafungwa kwa kishindo. Ya tatu ikawa ile iliyoandikwa yote kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, binti aliye Muscat anamwambia mama yake kila kitu isipokuwa jambo moja. Kufika hapo msomaji ana sauti tatu na hajui ya nne itatoka wapi.

*Katikati.* Watu huacha kitabu hapa, kuanzia ya tano hadi ya nane. Hadithi yako ndefu kuliko zote ikikaa hapa, ipe jirani wafupi. Yangu ilikuwa ya ndugu saba na shamba la mikarafuu Pemba, maneno elfu tisa na mirathi isiyogawanyika. Niliitanguliza na hadithi ya kurasa mbili tu, nikaifuatisha na nyingine ya kurasa tatu. Pilau bila kachumbari inaliwa, lakini hairudiwi. Ernest Hemingway, katika kitabu chake cha mwaka 1925, aliweka vipande vifupi sana, vingine vya aya moja, kati ya kila hadithi na nyingine, na vipande hivyo vya vita na mapigano ya fahali vinazibadilishia hadithi hewa. Kama una vijihadithi vya nusu ukurasa vilivyokosa pa kwenda, hapa pana nafasi yao.

Vifo visiwe jirani. Na mapigo ya ghafla, hayo uyapige hesabu kali: mawili kwa kitabu kizima, na yasikaribiane. Baada ya la pili msomaji ameshakujua. Katika hadithi inayofuata hatamsikiliza mhusika tena. Atakuwa anakagua mifuko yake akitafuta siri.

*Ya mwisho.* Wengi huweka ya huzuni kuliko zote, kwa imani kwamba huzuni ni uzito. Mimi ningeweka ile yenye nafasi kubwa ndani yake, watu wengi, muda mrefu, ili zile zilizotangulia zipate mahali pa kukaa. Hadithi ya mwisho ya Joyce niliyemtaja ndiyo ndefu kuliko zote kumi na tano. Aliiandika mwaka 1907, baada ya nyingine zote, na kitabu kikatoka 1914. Ni karamu, watu wanacheza na kula na kuhutubia, kabla ya mambo kunyamaza.

Kisha tafuta kama ya mwisho inaweza kumrudisha msomaji kwenye ya kwanza bila wahusika kujua. Kwenye zangu kulikuwa na bibi anayeuza mitumba, ananunua robota na ndani anakuta gauni la harusi limeshonwa mara nne kwenye kiuno, mshono juu ya mshono. Anashangaa, anabandika bei, maisha yanaendelea. Bibi hajui kitu. Msomaji anajua mikono iliyoshona. Nilibadilisha sentensi mbili tu ili gauni liwe lilelile, na sentensi hizo mbili zilifanya kazi kuliko kurasa zangu ishirini za kondakta. Ila fanya hivi mara moja. Ukiunganisha kila kitu na kila kitu, Dar es Salaam itaonekana ina watu kumi na wawili.

Hatua ya 5: Kata mkia

Sisi tuliosoma huku tumefundishwa insha. Unapewa methali, unatunga kisa cha kuithibitisha, unamalizia kwa kuitaja tena ili msahihishaji asije akakosa kuiona. Ni zoezi zuri la darasani. Katika kitabu cha hadithi kumi na mbili, ni kumsimamisha msomaji mlangoni mara kumi na mbili umweleze alichokiona.

Fanya jaribio hili. Funika aya ya mwisho ya kila hadithi kwa karatasi, soma, simama. Kama hadithi imeisha, aya ile haihitajiki. Kama haijaisha, funua sentensi moja moja mpaka iishe, na kilichobaki chini kikate. Katika kumi na mbili, nilikata aya nzima kwenye nane. Kwenye moja nilikata ukurasa, na ukurasa huo ndio niliokuwa nimeukariri niusome siku ya uzinduzi.

Methali zenyewe sizichukii. Ziweke mdomoni mwa mhusika, katikati ya hadithi, zikitumika vibaya au kwa hila, kama zinavyotumika nyumbani. Shangazi anayesema "haba na haba" huku akihesabu pesa za wengine ana uhai kuliko msimulizi anayesema hivyo mwishoni.

Ukimaliza mikia, rudi kwenye vichwa. Sentensi zote za kwanza ziandike kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, uzisome kwa sauti. Mbili zikiwa na mwendo mmoja, andika upya moja.

Hatua ya 6: Lugha, kwa haraka

Amua tahajia moja ya kila neno lenye sura mbili na uishike kitabu kizima. Wahusika wa Dar wapande daladala, wa Nairobi matatu. Wa Mombasa wakiongea Kimvita, waongee tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, wasianze Kimvita wakamalizia kwa Kiswahili cha taarifa ya habari. Majina yasijirudie, na yasianze kwa herufi moja ndani ya hadithi moja: Salma, Salome na Salha kwenye chumba kimoja ni mateso. Maneno ya mitaani au ya lahaja yaeleweke kwa muktadha. Sherehe, yaani orodha ya maneno na maana zake, nyuma ya kitabu inamsaidia mwanafunzi. Maelezo chini ya kila ukurasa yanamvuta shati kila mtu.

Hatua ya 7: Jina la kitabu

Tuna desturi ya kuchukua jina la hadithi moja na kuongeza "na Hadithi Nyingine". Mikusanyo ya waandishi wengi iliyosomwa katika shule za sekondari Kenya imefanya hivyo: *Damu Nyeusi* ni hadithi ya Ken Walibora, *Tumbo Lisiloshiba* ni ya Said A. Mohamed, na kila moja ilitoa jina kwa kitabu cha wengi. Pale inafaa, kwa kuwa kitabu ni cha wengi na jina linahitaji mahali pa kushika. Ukiwa peke yako, "nyingine" inazishusha kumi na moja zako ziwe wapambe. Tafuta maneno yaliyomo ndani ya hadithi, yasiyo jina la yoyote, yanayozigusa tatu au nne. Ukiamua kutumia jina la hadithi, ujue hiyo ndiyo itakayosomwa kwanza, popote ulipoiweka.

Hatua ya 8: Wasomaji watatu, penseli tatu

Usiwape waandishi wenzako peke yao. Wape watu wanaosoma kwa kupenda. Na usiwaulize "umeonaje?", kwa sababu watakujibu kwa adabu. Wape kila mmoja nakala na penseli, uwaombe jambo moja: wakianza hadithi, waandike tarehe kando ya jina lake. Basi. Nakala zikirudi, zisome tarehe tu. Siku moja kati ya ya tatu na ya nne: imani ipo. Wiki mbili kati ya ya sita na ya saba: angalia ya sita. Mara nyingi hadithi inayoachwa haina kosa. Kosa ni la iliyotangulia, iliyomchosha mtu kabla hajafika. Kama wawili kati ya watatu wamekwama mahali pamoja, rudi kwenye kadi. Kama kila mmoja amekwama pake, muulize alikuwa na shughuli gani wiki hiyo kabla hujabomoa kitabu.

Nakala ya mama mdogo ilirudi na tarehe zote kumi na mbili. Za kwanza sita alizimaliza ndani ya wiki moja. Baada ya ya saba, pengo la siku tisa.

"Ulikuwa na safari, mama mdogo?"

"Nilikuwa hapahapa. Ile ya mwalimu na kuku, ndefu, na mwenyewe hataki kusema shida yake. Nikaweka." Akamenya chungwa. "Yule bibi wa mitumba, anajua gauni limeshonwa na nani?"

"Hajui."

"Mimi najua," akasema. "Ila ile ya kuku itoe."

Niliitetea kwa dakika kumi. Jioni nikatandaza mkeka, nikaiondoa kadi ya saba, nikaisogeza ya nane karibu na ya sita, na kuanza kuangalia upya kama vimebadilika viwili na kimebaki kimoja.